Kipimamapepo cha Jericho

Umma ufahamu kwamba mnamo mwaka wa 1981 mtaa wa Jericho ulitangulia mitaa yote ya Eastlands kupata Ofisi ya Kudhibiti Mapepo, nami ndimi niliyekuwa Katibu wake. Watu husahau upesi, kwa hivyo nitaeleza.

Mkurugenzi wetu, Bwana Naftaly Muturi, mtu wa tai na maono makubwa, aligundua kwamba wananchi walikuwa wakiishi na mapepo bila kibali. Akaleta Kipimamapepo. Kilikuwa redio kuukuu iliyozungushiwa waya, na ndani yake kengele ya baiskeli. Mwendeshaji alikuwa Bedan, fundi wa baiskeli, aliyevuta uzi kwa kidole cha mguu kila Mkurugenzi alipokohoa. Wachochezi waliita jambo hilo ulaghai. Sisi ofisini tuliliita uratibu.

Kengele ikilia mbele ya kitu, kitu hicho kilichukuliwa kwa matibabu. Ajabu ni kwamba mapepo ya Jericho yalipenda vitu vizuri. Hayakuingia kamwe kwenye sufuria iliyotoboka. Yaliingia kwenye makochi mapya na gramafoni. Vitu vikipona viliuzwa katika duka la Mkurugenzi, ili visirudi kuwakumbusha wenyewe uchungu.

Siku moja tulifika kwa Nangila, mjane aliyeshona sare za shule. Mkurugenzi aliitazama cherehani yake kwa muda. Akakohoa. Kengele ikalia.

"Pole, mama. Hii ina pepo wa kiume."

"Pepo gani? Hiyo ndiyo inalisha watoto wangu!"

"Naye anakula humo humo. Ndiyo maana uzi wako unaisha haraka."

"Uzi unaisha kwa sababu ninashona! Mnatuona mafala?"

Nilimsihi apunguze sauti, pepo asije akakasirika. Tukaondoka na cherehani. Nangila alikaa kizingitini akalia, kisha akaazima sindano kwa jirani, akashona kwa mkono mpaka vidole vikavimba. Ofisi ilisikitika sana, ila haikuwa na fungu la kusikitikia.

Sifa zetu zilienea, hata mkubwa mmoja kutoka mjini akaja kuwa mgeni wa heshima katika ukumbi wa mtaa. Mtambo uliwekwa karibu naye, apigwe nao picha. Kwa bahati mbaya baridi ya Julai ilikuwa imemshika Mkurugenzi kifuani.

"Nina furaha kumkaribisha mgeni wetu..." Akakohoa.

Ngriii!

Mgeni akajitazama tumbo.

"Naftaly, mimi nina pepo?"

"Hapana, mheshimiwa, ni..." Kikohozi kikambana tena. Bedan, mfanyakazi mtiifu, akavuta mara mbili.

Nangila alisimama safu ya mbele. "Mheshimiwa, usiogope. Tumeambiwa mtambo haukosei. Sasa utachukuliwa kwa matibabu. Jamani, leteni mkokoteni!"

Watu wakacheka, na mkokoteni ukaletwa kweli. Mgeni akajivuta nyuma hadi ukutani.

"Na baada ya matibabu?"

"Unauzwa dukani kwake," akasema Nangila.

"Naftaly! Unataka kuniuza?"

Mkurugenzi akapiga magoti. "Mzee, hakuna pepo! Ni kengele tu! Bedan huvuta nikikohoa! Hakujawahi kuwa na pepo lolote hapa!"

"Kwa hivyo aliyenyang'anya cherehani yangu ni nani?" Nangila akauliza. Hakuna aliyecheka tena.

Mgeni alijifuta jasho, akatoa agizo. Duka lifunguliwe sasa hivi, na Mkurugenzi arudishe kila kitu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mkokoteni uleule. Mimi nilijitolea kusimamia, maana kazi ya Katibu ni kusimamia.

Tulipofika kwa Nangila, suti ya Mkurugenzi ilikuwa imepasuka kwapani. Aliibeba cherehani mpaka dirishani. Nangila akaipangusa kwa kanga, akazungusha gurudumu polepole, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kisha akampa Mkurugenzi maji ya kunywa.

"Asante, mama. Sasa naweza kwenda nyumbani?"

Nangila alichungulia mkokoteni. Lilikuwa limebaki kabati moja la mbao ngumu, lenye kioo.

"Hilo ni la jirani yangu Kavutha," akasema. "Anaishi ghorofa ya juu kabisa. Ngazi ni hizo hapo, na usikwaruze kioo."