Chuma ya Karatasi, na Chumvi Kidogo

Bamama ya grupe, niulize kwanza: mulishaona mutu muzima, mwenye mvi, mama ya batoto bakubwa, anasimama mbele ya kanisa yote, anapandisha mikono juu kama mushindi, kumbe nyuma kule anakuliwa?

Hamuyaona? Basi ni mimi. Leo. Leo nimeumbuka!

Munajua kuandika haiko kazi yangu, njo maana natuma sauti. Kaeni chini. Mwenye iko na sufuria ku moto ashushe, juu nitaanza ku muzizi.

Munamujua Neema, mujukuu wangu, mutoto wa Aline. Mutoto muzuri, anajua kazi, anajua masomo, lakini mbele ya batu hafunguake kinywa. Mwalimu anamuuliza, anaangalia biatu. Pasta anamusalimia, anaangalia biatu. Benzake banamuitaga Kimya. Sasa ku ekodim, masomo ya batoto ku kanisa siku ya Yenga, monitere mwenye kubafundisha alikuwa anatafuta mutoto wa kucheza mulinzi wa mulango mu teatre ya siku ya mavuno. Nani alipandisha kidole? Neema! Yeye mwenyewe! Hakuna mutu alimusukuma!

Monitere akamuambia: "Sawa. Lakini ni mulinzi wa zamani, ule wa kuvaa chuma. Ukikuya bila chuma, tutamupatia Josué."

Josué iko na sauti kama honi ya kamio ya mizigo, yeye hahitaji kupewa kitu. Ni Neema wangu njo alihitaji.

Akarudi ku nyumba: "Koko, natafuta nguo ya chuma."

"Chuma tutatosha wapi, mama? Bati ya jikoni yenyewe inavuya."

Njo akanionyesha video ku telefone ya mama yake. Kijana moja wa inchi ya mbali anakunja karatasi. Anakunja, anabandika, anakunja, na mwisho anasimama na kofia ya vita na kifua ya vita, nyeusi, inangaa, unaweza kusema imetoka kwa fundi wa chuma. Kumbe karatasi!

Nikasema: "Hii tu? Mimi nimesuka bitunga tangu niko musichana. Karatasi itanishinda?"

(Itanishinda. Lakini ngojeni.)

Karatasi ya kaye ya masomo ni laini, inapasuka. Tukachukua mifuko ya simenti. Hapa Murara banajenga kila fasi, mafundi banaitupa tu. Tukapangusa vumbi mpaka nikakohoa kama muzee wa tumbako. Tukaanza na kofia.

Bamama, kukunja karatasi si kukunja kitenge. Kitenge inakusamehe. Karatasi ukiikunja vibaya mara moja, inakumbuka. Kofia ya kwanza ilitoka kama sambusa. Ya pili nikaikunjia juu ya sufuria ili ipate muviringo. Muviringo ikapata! Lakini sufuria ikakatala kutoka. Siku ile tulikula mukate na chai, na Aline hakuniongelesha. Ya tatu njo ikamutosha Neema kichwa, sawa kabisa, hata masikio ikalala vizuri.

Halafu kifua. Hii niliifanya na moyo wangu yote. Bipande bidogobidogo, nakunja kila moja, nabandika moja juu ya ingine kama magamba ya samaki ya Vitshumbi. Kipimo nilipima peke yangu, juu Neema alikuwa ku masomo. Nilipima ku kifua ya nani? Ku yangu. Nikajiambia nitapunguza kidogo.

(Wewe unayecheka, nakusikia.)

Sasa kole, ile ya kubandikia. Kole ya duka ni kachupa kadogo, inaisha mbele haujaanza. Mimi nikapika kole ya bunga ya muhogo, ile ya zamani. Ya kwanza ikachacha. Ikanuka mpaka Aline akauliza kama kuna kitu imekufa chini ya kitanda. Njo nikakumbuka mama yangu, kule Masisi: yeye alikuwa anatia chumvi mu kole, na haichachake. Nikatia chumvi. Nikaonja. Nikatia ingine. Halafu, juu mimi siko mutu wa kufanya kitu nusu, nikatia ingine tena. Nikachanganya na vumbi nyeusi ya makala ya jiko, nikapaka fasi yote.

Ikakauka. Nyeusi! Ukigonga inasema ko, ko, ko! Neema akacheka na meno yake yote. Kila siku akirudi ku masomo anasimama mbele ya ukuta, anasema maneno yake: "Simama! Hapa mwizi hapite!"

Kwa sauti ya panya. Hata kuku haikugeuka. Lakini alikuwa anaisema, na mimi nilikuwa nasikia.

Basi, leo. Leo Yenga, siku ya mavuno. Tumefika ku kanisa mapema, mimi nimevaa kitenge yangu ya mikono mikubwa, chuma iko mu kitunga, kofia imefungwa mu triko moja ya zamani, shati tulipewa ku kampanye ya ma-vote. Nyuma ya kanisa nikamuvalisha Neema kifua.

Mutoto akapotea.

Haki ya Mungu. Kichwa ikaingia ndani, tukabakia tunaona macho mbili mu tundu ya shingo, kama kobe.

"Koko, ni kubwa."

"Si kubwa. Ni wewe haukule vizuri."

"Koko, siwezi tembea."

Akajaribu. Akaanguka. Chuma ikaendelea kusimama, yeye akatokea chini. Na monitere njo huyo anafika na karatasi yake: "Mama, wakati imefika. Josué iko tayari."

Nikamuangalia Neema. Anaangalia biatu.

Bamama, mimi naweza vumilia bintu mingi, lakini hapana bile biatu! Nikasema: "Monitere, balinzi ni babili. Mudogo na mukubwa."

"Teatre inasema mulinzi ni moja."

"Teatre haiyaona ukubwa wa huyu mulango."

Jirani yangu Mama Zawadi, anaimbaga mu korale, akanivuta pembeni: "Mama Aline, kweli utavaa hii na umri yako?"

"Umri inaingia wapi? Ni mwili njo inavaa."

Mwili ikavaa. Lakini mikono mikubwa ya kitenge ikakatala kuingia. Nikatosha blauzi, nikavaa ile triko ya kampanye, ile ilifunga kofia. Ku kifua kuna uso ya papa moja, mukubwa wa siasa, alituahidi maji wakati wa vote. Nikasema, nani ataona ndani? Nikavaa chuma juu. Ikanitosha! Ikanikamata kama nilizaliwa nayo. Neema akavaa kofia, akakamata ngabo yake, ngao tulibandika na kole ileile. Nikamuambia: "Wewe sema maneno yako tu. Mimi niko nyuma."

Ibada ilikuwa inje, chini ya bashi, turubai kubwa, juu batu balijaa mpaka ku mawe ya barabara. Monitere akapanga mustari: mbele Neema, nyuma yake mimi, nyuma yangu zawadi za mavuno. Makabeji, ndizi, kuku. Na Muzee Bahati, ametoka Masisi na ndama yake kubwa ya zawadi, jike, rangi ya udongo, anaitwa Gaju. Monitere anasema: "Mulinzi mukubwa alinde zawadi kubwa." Akaweka Gaju nyuma yangu kabisa.

Mimi nikaona ni heshima.

Ngoma ikaanza. Tukatembea. Mimi natembea kama mutu wa chuma, mabega juu, ko, ko. Nikasikia kitu inanivuta ku bega. Nikajua ni Mama Zawadi, anapendaga kunyoosha nguo za batu. Nikasema polepole: "Zawadi, acha." Ikanivuta tena. "Zawadi, nimesema acha, niko mu kazi ya Mungu!"

Batu banaanza kucheka. Nikafurahi. Nikajiambia, banapenda chuma yangu! Nikapandisha mukono. Bakacheka zaidi. Nikapandisha mikono yote mbili, nikazunguka kidogo baone na mugongo. Bibi moja akaanguka ku kiti. Mupiga ngoma akapiga fasi haiko.

Halafu nikasikia mugongoni kitu ya moto. Moto, na maji. Inapanda polepole kama mutu anapaka nyumba rangi.

Nikageuka.

Macho makubwa. Kope ndefu kama za bibi-arusi. Na ku midomo, magamba yangu, yale nilikunja moja moja, inaingia, inaingia. Gaju anatafuna na utulivu, kama mama anaonja sombe ku sufuria. Alipoona nimegeuka, akafurahi, juu upande wa mbele alikuwa hayagusa bado. Akatosha ulimi. Akaniramba kuanzia tumbo mpaka kidevu!

Karatasi ilikuwa imeshalowana na mate. Ikafanya fyaa. Ikaanguka chini, yote ya mbele.

Na mbele ya kanisa yote, mbele ya Pasta, mbele ya bageni, akatokea ule papa wa maji. Anacheka na meno yote.

(Hapa naomba munyamaze kidogo. Nyamazeni kwanza.)

Muzee Bahati anavuta kamba: "Gaju! Acha mama ya batu! Mama, umejipaka nini?"

"Kole tu."

"Kole na nini?"

"Na… chumvi."

"Ngapi?"

"Kidogo."

Gaju akaniramba sikio.

Muzee akaniangalia. "Mama, kwenu ni wapi?"

"Masisi."

"Masisi! Mutoto wa bachungaji! Na ngombe ikipotea mu pori, tunaiitaga na nini?"

Na chumvi, bamama. Mimi! Mimi ambaye baba yangu alikuwa ananituma na chumvi mu mukono, naita ngombe ya mulima yote, inakuya mbio! Leo nimejipaka hiyo chumvi mwili muzima, halafu nikatembea mbele ya ngombe.

Lakini wakati ile hata sikujifikiri mwenyewe. Nilimutafuta Neema. Batoto banalia na kucheka, banaruka, banasema "Koko anakuliwa! Koko anakuliwa!" Na Neema amesimama mbele, kofia imeteremuka ku macho, anaangalia biatu. Nikasema, basi, nimeua kitu. Siku moja mutoto amepandisha kidole, mimi nimekuya kumuharibia na chumvi.

Nikasema: hapana. Mulinzi harudi nyuma. Nikakokota mguu moja, nikasonga mbele, nusu chuma nusu triko, ngombe ananifuata anamalizia bega.

Njo Neema akasukuma kofia juu. Akaona Gaju ameshika bega yangu. Akaruka, bamama! Akakuya kusimama katikati yangu na ngombe, ngabo mbele, miguu imepanuliwa:

"SIMAMA! HAPA MWIZI HAPITE!"

Ngoma ikakata. Kuku zikanyamaza. Josué, ule wa honi, kinywa wazi. Na Gaju, nabaapia, Gaju akaacha kutafuna. Karatasi ikabakia inaninginia ku midomo.

Neema akasema tena, mara hii hata hakupiga kelele, aliongea tu kama mutu mwenye nyumba: "Hapa mwizi hapite."

Kanisa ikasimama. Mikono, vigelegele, Mama Zawadi analia, Aline anafilme na telefone. (Ndiyo, kuna video. Mwenye atanitumia mimi, nitamutosha mu grupe.)

Gaju naye akangoja kidogo kwa heshima, halafu akaanza kuramba ngabo.

Tukafika mbele hivyohivyo. Pasta alikuwa anajikamata ku meza. Akasema: "Tumushukuru Mungu kwa mavuno… na kwa maji ambayo tungali tunangojea." Ikawa tena vurugu.

Kurudi ku nyumba, batoto ba barabara balishasikia yote. Habari ilitangulia mbele yetu. "Koko Chumvi! Koko Chumvi!" Mimi nikafunga kitenge ku kichwa, nikashika njia. Ni Neema njo aligeuka akabajibu, na sauti kubwa mpaka mafundi ba juu ya nyumba bakaangalia chini: "Ni Koko wangu! Na nyinyi muko na ngabo gani?"

Kimya! Ule banaita Kimya!

Sasa niko nimekaa hapa ku mulango, nimeoga mara mingi na bado nanuka ngombe. Neema iko pembeni yangu, anashika kipande moja ya bega, ile Gaju aliacha. Nimemuambia karatasi imeisha, mimi sitakunja tena hata ya kufungia karanga.

Ameniangalia mu macho. Hapana ku biatu, mu macho. Akasema: "Koko, mavuno ya mwaka inayokuya tutavaa tena babili. Nitakupima mimi. Kole nitapika mimi. Chumvi nitaificha fasi haufikake. Na ku mustari, naahidi, wewe utakuwa mbele. Mimi njo nitatembea nyuma."