Herufi Nene za Elisante

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nimemaliza herufi zangu. Alfabeti nzima, nene, imesimama wima kwa rula na bikari. Hazina mikia, hazina vivuli, hazina madoido. A ni paa la nyumba. O ni duara kamili. Unene ni mmoja kila mahali. Nimezipa jina: Elisante Nene. Biashara siku hizi ni huria, kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka bango. Dodoma yote, kuanzia sokoni hadi stendi, itavaa herufi zangu.

Ludovick, mchora mabango wa ng'ambo ya barabara, alikuja kuchungulia. Akasema zimenona lakini hazicheki. Yeye kila herufi anaipachika mkia kama wa mbuzi! Nikamwambia aende zake. Akaenda, na mpaka jioni sikupata mtu mwingine wa kuongea naye.

Jumatano, 4 Agosti

Kazi! Batuli, mjane wa kutoka Kondoa, anafungua mgahawa kando ya njia ya mnadani. Ameuza cherehani yake ili aanze. Amesema wazi kwamba wateja wasipokuja atafunga arudi kwa kaka zake Kondoa. Nikamwambia kwa herufi zangu atakosa pa kuwakalisha.

Mpango: bango linaleta watu, Batuli ananishukuru, napata kiti changu cha kudumu pale dirishani. Tangu nimzike mama, hakuna aliyeniita nikale. Kwangu kuna sufuria moja, sahani moja, na redio ambayo betri zake naanika juani.

Bikari yangu ni ndogo mno kwa bango. Nimeazima mfuniko wa sufuria yake ya wali nichoree miviringo. Sitaurudisha haraka. Mfuniko wa mtu ukiwa kwako, lazima mtaonana.

Ijumaa, 6 Agosti

Bango limepanda. Rangi ya manjano, herufi nyeusi. Manjano ndiyo niliyokuwa nayo. Herufi zangu ni pana, neno MGAHAWA halikuingia, kwa hiyo limebaki BATULI tu. Linaonekana toka mbali. Upepo umebandika vumbi kwenye rangi mbichi, si kitu. Batuli aliliangalia kwa muda mrefu, akauliza kama likikauka litakuwa zuri. Nikamwambia mambo ya kisasa yanataka kuzoewa.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya mnada. Watu wamepita makundi kwa makundi. Wakifika usawa wa bango, wanahamia upande wa pili wa barabara. Nimekula peke yangu dirishani. Batuli alikaa meza ya pili, akifukuza nzi kwenye chakula ambacho hakuna aliyekitaka. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Halafu nikaona aibu.

Nikamfuata Luka, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Kongwa, nikamuuliza wanakwepa nini. Akasema kusoma hasomi sana, ila sura ya herufi hizo anaijua. Ziko kwenye nguzo za umeme. Ziko kwenye josho, penye dawa ya sumu. Ziliwekwa njiani mwaka ule ng'ombe walipozuiwa kwa ugonjwa. Herufi zisizo na mkia ni za serikali, akasema, na kazi yake ni kumrudisha mtu alikotoka. Pa kula huandikwa kwa mikia.

Maskini Luka. Hana jicho la sanaa.

Jumanne, 10 Agosti

Nimegundua kosa. Bango halikutoa maelekezo! Nimeongeza ubao wa pili chini yake: INGIENI. Nene zaidi. Na wameingia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza chanjo inaanza saa ngapi. Mzee mmoja akatoa kitambulisho, akapanga foleni peke yake. Hakuna aliyekula.

Mchana Batuli akaanza kukunja vitambaa vya meza. Akaniuliza kwa upole, kaka Elisante, nimekukosea nini. Nimerudi nyumbani nikauangalia mfuniko wake. Akiondoka nitabaki na huu tu.

Jumamosi, 14 Agosti

Ludovick! Amefuta bango langu, ameandika upya. Mikia kila upande, vivuli vyekundu, na sahani ya pilau inayofuka moshi. Mgahawa umejaa mpaka nje. Luka anakula, wenzake wanakula. Kiti cha dirishani amekalia Ludovick.

Batuli harudi tena Kondoa. Niliposikia hivyo nilifurahi sana. Nikasimama mlangoni na mfuniko mkononi, hapakuwa na pa kupita. Akaniona, akasema kwa haraka nije siku nyingine. Halafu akafunika wali kwa mfuniko mpya.

Kilichotokea ni wazi. INGIENI yangu ilichelewa tu kufanya kazi.

Jumapili, 15 Agosti

Nimefikiria kwa nini hakuna anayenitembelea. Sababu ni rahisi: mlango wangu haujaandikwa kitu. Alfajiri nimeuandika wote, manjano na nyeusi, miviringo ya B na U kwa mfuniko wa Batuli: KARIBU. Nimeazima kiti cha pili. Chai iko jikoni.

Watu wa kanisani wamepita kwenda, wamepita kurudi. Wote upande wa pili wa barabara. Mama wa jirani amewavuta wanawe mkono.

Herufi bado nyembamba. Kesho nazinenepesha.