Marehemu Aliyepigiwa Makofi

Mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, mwaka ule wa hamsini na sita, ulikuwa umeona mengi, lakini marehemu kupigiwa makofi, bado. Mzee Casimir ndiye wa kwanza. Siku ya kumzika, mwanawe Placide, karani wa kravati shingoni, aliwanyamazisha akina mama waliokuwa wakilia kaburini, akasoma shairi lake la Kifaransa. Alipomaliza, umati ukapiga makofi. Kesho yake asubuhi, kwenye benchi la Yunusu muuza kahawa, hatukuwa na habari nyingine.

"Raphaël, ni we ulianza," alisema Lukmani, mwenye mtumbwi wa kwenda Kazimia. Tulimwita Redio, ila yeye hazimiki.

"Ni mi," alijibu Raphaël, ambaye pale benchini ni Dikité, yaani imla ya shule, maana alifika darasa la tano na hajatusamehe. "Kifaransa ikiisha, muntu anapiga makofi. Ni vile tulifundishwa ku école."

"Ulisikia nini mule ndani ya shairi?"

"Nilisikia kama iko muzuri."

"Mi nilisikia 'papa'. Ingine yote ilinipita. Sisi wimbo ya kilio hatuipigie makofi, Dikité. Tunaijibu."

Yunusu alimimina kahawa bila haraka. "Shangazi yake Placide, mama Marthe, amekataa kula. Anasema bamama walikatiwa kilio katikati. Sasa kaka yake, marehemu, amekwama mu njia, haendi, harudi."

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Mama Marthe si mtu wa mzaha.

Hapo Placide mwenyewe akatokea, macho mekundu, kravati ileile.

"Bandugu, munisaidie. Shangazi hanisemeshi tena."

"Kwanza tuambie ile poésie mu Kiswahili," alisema Redio.

Placide akakohoa. "Ee baba yangu, we muti mukubwa ya chêne..."

"Muti gani?"

"Chêne. Iko Ulaya."

"Casimir alifika Ulaya?"

"Hata Nundu, hapa karibu, alifika mara moja tu," alisema Yunusu. "Endelea."

"...theluji imefunika matawi yako."

Dikité akatueleza theluji ni nini. Redio akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe muzee alikufa na baridi."

"Alikufa na homa," alisema Placide.

"Basi shuka ku ule muti, ndugu. Semesha baba yako."

Placide akalegeza kravati.

"Baba, we ulikuwa unakohoa mbele ya kuingia mu nyumba, juu tujue ni we. Jana jioni nilikaa ku mulango, nilingojea ukohoe. Baba, nani atakohoa sasa?"

Akafunika uso kwa ile kravati.

Mama Marthe alikuwa akipita na mtungi kutoka ziwani, akayasikia. Akautua, akashika kichwa, akatoa kilio alichokuwa amenyimwa kaburini. Sote tukasimama. Redio alilia kwa sauti ya juu, Dikité alilia kimya, na mimi nililia pia, sioni haya kusema.

Baada ya muda mrefu mama Marthe akajifuta uso kwa kikwembe alichojifunga, akaja kukaa kando ya Placide na kumshika mkono.

"Sasa kaka yangu amekufa," alisema. "Yunusu, unipe kahawa."

Basi tukaanza kumpa pole upya, kama vile habari ya msiba ndiyo kwanza imefika.