Ombi la Kuzuia Utani Katika Kazi za Serikali

Temeke,
Julai 1952

Bwana Mhariri Mheshimiwa,

Nakusalimu wewe na wote mnaopiga chapa pamoja hapo, hata yule anayepanga herufi, ambaye namwomba asiniharibie jina kwa kuwa limekwisha kuharibiwa vya kutosha. Sisi huku hatujambo. Mvua imekatika, mihogo ipo, na mimi bado ni Jumbe, ingawa ukiwauliza watu wa mtaa wangu watakujibu baada ya kucheka kwanza.

Naandika kuomba jambo dogo tu kupitia gazeti lako: Serikali izuie utani. Sisemi uzuiwe wote. Watu wa kawaida waendelee kutaniana watakavyo. Ninachoomba ni kwamba mtu akishapewa kofia ya Serikali, watani wake waambiwe kwamba sasa wamwache apumzike.

Unajua kwamba sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani wako akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, hukipati mpaka ukikomboe kwa analotaka yeye. Msibani ndio kabisa, ana ruhusa ya kufanya lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Ni desturi nzuri, na baba zetu waliipenda. Lakini baba zetu hawakuwa na bomba.

Habari ya bomba ni hii. Mwaka jana Serikali ilituletea bomba moja la maji, likaandikwa kuwa ni la watu wa mtaa, nami nikaachiwa nichague mahali pa kulisimamisha. Nilifikiri sana, Bwana Mhariri. Barabarani kuna vumbi, kuna mbuzi, kuna walevi wanaotoka Chang'ombe jioni na kuegemea kila kitu kilichosimama. Nikaona bomba likikaa nje litakuwa kama mtoto asiye na kwao. Nikaliweka uani kwangu, nikalizungushia ua wa makuti mapya. Wapo waliosema nimejipa mali ya umma. Nauliza: kama bomba ni la watu wa mtaa, mimi ni mtu wa wapi? Mke wangu Tunu si mtu?

Wala sikumnyima mtu maji. Kila asubuhi, nikishaamka, nikishaswali, nikishakunywa chai yangu, mlango wa ua ulifunguliwa. Wanawake waliokuwa wakingoja walifagia uwanja kwa hiari yao. Wengine waliniletea mayai, wengine bamia. Sikuomba. Ni malezi tu, mtu mwenye adabu haingii kwa mwenzake mikono mitupu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipohamia Apolonia.

Apolonia ni Mnyamwezi wa Tabora, mke wa seremala, na anauza uji kwa watu wanaokwenda kazini kwenye karakana za Chang'ombe. Uji unataka maji, tena mapema, kabla mimi sijaamka. Hapo ndipo tulipoanza kukosana, yaani mimi nilianza kukosana naye, maana yeye anacheka tu. Malalamiko yangu nimeyapanga kama ifuatavyo.

1. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na debe lake, akapiga kelele za kufika Tandale: "Hodi kwa mwenye mvua!" Kisha akauliza kama mawingu nayo nimeyafunga humo ndani, na kama ndivyo, nimfungulie japo moja dogo la kupikia uji. Wanawake wote walicheka, wale wale waliokuwa wakinifagilia. Nami nikacheka kwa kuwa ni mtani, lakini moyoni sikucheka hata kidogo.

2. Alichukua kiti changu. Si kiti cha kulia ugali, ni kile chenye mikono, ninachokalia nikiamua mashauri. Alikibeba kichwani mchana kweupe, akakiweka kando ya barabara, mahali aliposema bomba lilitakiwa kusimama. Nikamwuliza anataka nini ili nikikomboe, nikitazamia atataja kuku au kanga. Akasema kiti kinangoja maji, siku maji yakifika hapo kitarudi. Basi kikakaa. Watu wakaanza kukiamkia wakipita, shikamoo kiti. Wakaanza kukipelekea mashauri: huyu mbuzi wa jirani amekula mchicha wake, yule mumewe haonekani nyumbani. Naambiwa kiti kinasikiliza vizuri kuliko mimi, hakimkatizi mtu, wala hakitaki mayai. Hata tarishi wa Liwali alipokuja na ujumbe wangu aliusoma mbele ya kiti, akapiga saluti, akaenda zake. Mpaka leo sijui ujumbe ule ulisema nini.

3. Nilimshtaki barazani. Karani wa baraza, Bwana Revelian, mtu wa Bukoba, aliandika mashtaka yangu yote bila kucheka, maana utani wetu haumhusu. Wazee wa baraza hawakuweza. Mmoja alitolewa nje kwa kikohozi. Hukumu ikawa kwamba hakuna amshtakiye mtani wake, na aliyejaribu atoe jogoo. Jogoo wangu mwekundu sasa ananiamsha kutoka nyumba ya pili, kwa Apolonia.

4. Nilijaribu kulipiza, kwa kuwa utani ni haki ya pande zote mbili. Nilikwenda kumnyang'anya sufuria ya uji mbele ya wateja wake. Sikufikiri kwamba uji huuzwa wa moto. Sitaki kulirefusha jambo hili, ila vidole vimepona. Ni yeye aliyevipaka asali, huku akiniuliza kama vidole navyo nitavijengea ua.

5. Hapa, Bwana Mhariri, naomba usome polepole. Mwezi uliopita alifariki Shangazi yangu Hamisa, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Apolonia alifika msibani kabla ya wote. Maji ya kumwosha marehemu aliyachota yeye mwenyewe, na nisimsingizie, maiti hakucheleweshwa hata kidogo. Lakini maji yetu sisi tulio hai yalikuwa shauri jingine. Alivaa kofia yangu, akashika fimbo yangu, akakaa mlangoni pa ua akinywa chai, akipuliza kila funda kama nipulizavyo mimi. Nilipotaka kuingia nichote maji ya wageni ya kutawadhia, alininyoshea fimbo. Akaniambia ningoje, Jumbe bado anakunywa chai.

Nikatazama huku na huku. Shehe yupo, wakwe zangu wapo, watu wametoka mpaka Chamazi, na wote wanataka kuona nitafanyaje. Nikachukua debe, nikaenda nyuma ya mstari, nje ya ua wangu mwenyewe.

Ni mstari mrefu, Bwana Mhariri. Sikuwahi kuuona kutoka upande ule. Jua linapiga utosini, mguu unakufa ganzi, na mlango haufunguki kwa kutazamwa. Nilipokaribia nilipewa ufagio, nikafagia. Kisha nikaulizwa nimeleta nini. Nikasema sikuleta kitu, na wanawake wakaguna kwa masikitiko, kama wamemwona mtu asiyefundwa kwao.

Aliyekuwa mbele yangu ni Kokushubila, mke wa Bwana Revelian. Ni mwanamke wa heshima, hana utani na mtu hapa, na nadhani hakukusudia kunichoma. Alikuwa ananipa pole tu. Akasema yeye atamkumbuka sana Shangazi, kwa kuwa walikuwa wakisimama pamoja katika mstari huu, mpaka magoti ya Shangazi yaliposhindwa, akarudi kuchota kisima cha bondeni. Nikamwambia haiwezekani, Shangazi angeniambia, angepita tu, nani angemzuia? Kokushubila akasema wao nao walimwambia vivyo hivyo. Shangazi akawajibu kwamba mwanawe ana kazi kubwa ya Serikali, asisumbuliwe asubuhi.

Nililia pale pale na debe mkononi. Watu walidhani ni kwa ajili ya msiba, na ulikuwa msiba kweli. Apolonia aliivua ile kofia, akanivisha, akanichotea maji mwenyewe bila kusema neno. Na hilo nalo nalilalamikia. Maneno yake nimeyazoea, lakini siku ile alininyamazia, nikaona afadhali angenitukana.

6. Ua nimeubomoa. Nataka ifahamike kwamba Apolonia hakunishinda, ni mchwa. Waliingia katika makuti ghafla, mara tu matanga yalipokwisha, nami nikaona ni hatari kwa mtaa mzima. Na kwa kuwa fundi wa mabomba alikuwa akipita, nikamwambia alivute bomba mpaka barabarani, asije akawa amepita bure. Kiti kimerudi. Lakini tazama hasara niliyoipata. Uwanja wangu haufagiwi na mtu ila mimi. Mayai nanunua. Wanawake wakipita wananiamkia haraka haraka na kwenda zao, kwa kuwa hawana tena cha kungoja kwangu. Juzi Tunu alikwenda na debe akataka kutangulia mbele ya wenzake, akaambiwa arudi nyuma, mke wa Jumbe naye ni mtu wa mtaa. Nilitaka kwenda kugomba. Kisha nikakumbuka kwamba maneno hayo niliyasema mimi.

Kwa sababu hizi zote, naomba Serikali itoe amri. Kwanza, Mnyamwezi yeyote mwenye nia ya kumtania Jumbe apeleke maombi kwa karani, akieleza ni utani wa namna gani na utachukua muda gani, ili Jumbe apate nafasi ya kusafiri. Tena, Mzaramo akipewa madaraka, ahesabiwe kuwa si Mzaramo wakati wa saa za kazi, na akirudi nyumbani jioni arudishiwe kabila lake. Na kama hayo ni mazito, basi Serikali iwatafutie majumbe wote wa nchi hii mahali pa kutawala ambapo hawana watani, wala shangazi, wala mtu yeyote anayewafahamu. Huko watafanya kazi kwa utulivu mkubwa.

Maana, Bwana Mhariri, nimekaguliwa na wakubwa wengi. Wanakuja na gari, wanatazama kama bendera ipo na kama njia imefyekwa, wanakunywa dafu, wanasema vizuri sana. Hakuna aliyeuliza bomba liko wapi. Aliyeuliza ni muuza uji, na yeye Serikali haikumtuma. Je, hiyo ndiyo taratibu?

Nafunga hapa nisije nikakuchosha. Nisalimie wa nyumbani kwako, wakubwa na wadogo, na yule mpanga herufi, na wasomaji wote wa bara na pwani, hata Wanyamwezi, kwa kuwa wao wenyewe hawana kosa, kosa ni la mmoja. Tunu anakusalimu. Bwana Revelian na mkewe wanakusalimu. Apolonia amepita hapa nikiandika, ameniuliza naandika nini, nikamwambia naandika habari zake. Naye anakusalimu.

Ni mimi, mwenye kofia ile ile,
Jumbe Jabiri bin Salumu.

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuibandika stempu, imenibidi niifungue tena. Leo amekuja Bwana Mzungu mmoja na kamba ya kupimia, akaweka alama za chokaa kando ya barabara. Anasema Jumatatu wanafukua bomba letu, lipelekwe kwenye nyumba mpya za wenzake upande wa baharini, kwa sababu majani ya bustani zao yananyauka. Nikavua kofia, nikamwambia kwa adabu kwamba bomba hili ni la watu wa mtaa. Bwana Revelian akamfasiria. Akajibu kwamba yeye haulizwi na watu wa mtaa, anaulizwa na mkubwa wake peke yake, na mkubwa wake yuko Uingereza kwa likizo.

Wanawake waliokuwa mstarini wote walimgeukia Apolonia. Mimi nilimgeukia kuliko wote. Nikamkonyeza, nikamwonyesha kofia ya yule Bwana, nikamwonyesha kiti chake cha kukunja kilivyo karibu na mkono. Apolonia akajifuta mikono kwenye kanga yake, akasema: "Mie huyu simwezi, Jumbe. Huyu si mtani wangu."

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, hayo yote niliyoandika hapo juu usiyapige chapa. Piga swali moja tu, kwa herufi kubwa kuliko zote ulizo nazo. Nimemwuliza Bwana Revelian, ambaye amesoma vitabu vyao, naye hajui. Waingereza watani wao ni kabila gani? Kama wapo, popote walipo, waambie waje Temeke kabla ya Jumatatu.