Vipimo vya Brigid

Jumatatu, 4 Agosti
Ajiko, binamu ya mke wangu na mwenyekiti wa kila kamati hapa Malaba, amekuja na picha ya msanii wa Kampala kwenye simu. Gauni la zambarau, limembana kutoka kifuani hadi magotini. Eti ndiyo sare ya kina dada kwenye harusi ya Amuron, Jumamosi. Mimi sina neno na wasanii. Lakini yule hajazaa mapacha, na kwa kumtazama tu, hajala tangu Krismasi.

Brigid amesema ni sare nzuri. Ajiko alipotoka, akasema haendi kwa fundi wala harusini. Atabaki kulinda kuku. Hatuna kuku.

Jumanne, 5 Agosti
Siwezi kukubali. Amuron ni mdogo wake. Brigid alimlea tangu mama yao afariki, alimbeba mgongoni hadi akaanza shule. Asipomwona akitoka nyumbani na shela, atajuta maisha yake yote.

Nimeuliza kulikoni. Amesema tangu ajifungue, mwili huu si wake. Tena Robinson fundi husoma vipimo kwa sauti ili msaidizi aandike, na nusu ya Malaba husikia. Kweli. Namba za kiuno cha mke wa pasta tunazijua sote.

Nina mpango. Nitampima mwenyewe, bila yeye kujua.

Jumatano, 6 Agosti
Jioni nimetoka kazini (nafuatilia karatasi za malori mpakani), nimemkuta jikoni, nikamkumbatia. Pale vidole vya mkono wa kulia vilipogota kwenye mkono wa kushoto wa shati langu, nikaweka alama ya kalamu. Akauliza nimekunywa nini. Nikasema chai. Shati nimelitundika, kesho linaenda kwa Robinson. Kichwa hiki kinapotea bure mpakani.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Shati liko kwenye kamba. Brigid ameamka mapema, amelifua, tena alikuwa akiimba. Miezi mingi sijafuliwa shati na mtu anayeimba. Alama imeenda na sabuni.

Ikabidi nimkumbatie upya. Alitulia tuli, akaegemeza kichwa. Nikajitoa polepole na kushika njia mikono ikiwa duara vilevile, hadi kwa Robinson. Okurut wa boda akaniambia panda. Nikamwambia siwezi, nimebeba. Akatazama mikono mitupu, akaondoka. Mzee Paulinus akanyoosha mkono wa salamu. Sikuupokea. Itafika kanisani kwamba nina kiburi.

Robinson akaingia katikati ya mikono yangu, akajijaza vitambaa chini ya shati hadi nikasema hapo. Kifua atakisia, humwona kwenye kwaya. Namba nimemkataza kutaja.

Ijumaa, 8 Agosti
Gauni limekuja. Ni hema. Brigid ameingia mzima na nafasi ya Ajiko imebaki. Nikajua nimekwisha.

Akaketi kitandani, akauliza ni nani aliyepima. Nikakiri yote, hata habari ya mzee Paulinus. Akacheka hadi mapacha wakaamka.

"Baba Apio," akasema, "tangu watoto wazaliwe ulikuwa hunishiki. Nilijua unanionea haya."

Nilidhani yeye ndiye hataki kuguswa. Nikamwambia hivyo. Mwaka mzima tumelala kila mtu ukutani kwake, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Niliumia sana, na sioni haya kuandika.

Akafuta macho, akafungua sanduku na kutoa mshipi mpana wa gomesi, lile gauni la heshima la marehemu mama yake. Akajifunga kiunoni. Hema likawa gauni.

Jumamosi, 9 Agosti
Amuron alipomwona dada yake mlangoni na mshipi wa mama, alimkimbilia na shela yake yote. Walishikana hadi pasta akaanza kutazama saa. Nami nilitoka nje kidogo, vumbi liliniingia machoni.

Ajiko hakuweza kuketi wala kula, gauni halikumruhusu. Saa tisa akamuuliza Brigid kwa siri mishipi kama ule inapatikana wapi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Nimegundua kinachomfurahisha mwanamke: gauni pana na mshipi. Wanaume wengi hawajui haya. Nikipata nafasi nitawafundisha, kuanzia Okurut.

Tumerudi nyumbani, Brigid amesimama jikoni, mikono ameiachia, amesema nimpime tena. Nimemkumbusha kwamba gauni lilishashonwa. Akasema anajua, nimpime tu. Nikamweleza kwa upole kuwa vipimo vya mikono si vya kutegemewa, ameona mwenyewe yaliyotokea. Amenitazama muda mrefu.

Sipendi kumwona hivyo. Kesho nikitoka kazini nitamnunulia tepu.