Malachie Mbele ya Mikro

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Papa Jéthro, rais wetu, anatuacha! Alitangaza jana kiisha ibada: serikali imemhamisha, anaenda kufundisha Kayna. Chorale, kwaya yetu nzima, ililia. Na mimi nililia, mais kwa jicho moja tu. Lile lingine lilikuwa linaangalia kiti chake.

Maana Chorale Alfajiri haina tena rais, na makamu wake ni nani? Ni mimi, Kakule Malachie, muuza simu na vifaa vyake, bass wa kwanza. Makamu anapanda. Iko wazi kama maji. Agar, mke wangu, ameniuliza: na mikro je? Nimejifanya sikusikia.

Bon. Hapa hakuna anayenisoma, niseme tu. Naogopa mikro. Katikati ya wanaume wenzangu nanguruma vizuri sana. Ukiniweka peke yangu mbele ya watu, magoti yanagongana na ulimi unakauka. Siku moja nilipewa tangazo la salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kwamba watu waje na majembe. Nilisema "Amen" nikaketi. Walifikiri ni sala.

Na Jumapili hii tumealikwa Beni! Paroisse moja kule inafanya jubile. Desturi inajulikana: chorale mgeni haiimbi mpaka mkubwa wake asimame mbele, peke yake, atoe salamu. Bila salamu hakuna wimbo. Alhamisi inayofuata tunachagua rais. Mwenye kutoa salamu vizuri ndiye rais. Hakuna aliyelisema, wote tunalijua.

Kyakimwa Joyeuse analijua kutushinda wote. Soprano. Anauza unga wa muhogo sokoni, na akiita mteja, hata wauza viatu wa upande wa pili wanageuka. Ameniambia kwa huruma kubwa kwamba kama salamu ni nzito kwangu, yeye atanisaidia. Kunisaidia! Nimemshukuru kwa meno.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Bahati! Kuna formation, mafunzo ya siku moja, kwenye salle moja hapa mjini Butembo. Bango linasema: "Shinda woga, kubali mabadiliko, uwe kiongozi shupavu." Ni kama walinijua. Nimefunga kibanda changu, nimekwenda.

Formatrice anaitwa Madame Marie-Jeanne. Amesema kiongozi anautazama woga wake usoni. Nikaandika. Amesema mabadiliko hayamngoji mtu. Nikaandika. Kiisha akasema kila mtu apite mbele, ataje jina lake na kitu anachoogopa. Nikaenda chooni. Nilikaa huko hadi pause-café. Mandazi yalikuwa mazuri.

Nimepata brevet, cheti kabisa, na muhuri juu yake! Nimeipigilia ukutani. Agar ameuliza nimejifunza nini. Nimemwonyesha brevet.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Madame alisema tuanze na wasikilizaji wepesi. Nimesimama mbele ya sungura wetu. Nimesema, "Bwana asifiwe!" Wakaendelea na majani yao. Yule mweupe tu aliinua kichwa, akanitazama bila kupepesa. Magoti yakaanza. Mbele ya sungura!

Donc ukweli ni huu: siwezi kubadilika kufikia Jumapili. Kubadilika kunataka muda. Ujanja hautaki muda.

Na ujanja umekuja nikinywa chai. Playback! Wanamuziki wakubwa wote wanafanya. Sauti inatoka kwenye baffle, yale maspika makubwa, mdomo unacheza tu. Nitarekodi salamu hapa nyumbani, kwa raha yangu, na kule Beni nitashika mikro iliyozimwa. Nani katika mji huu anajua simu kunipita?

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimerekodi. Chini ya blanketi, jogoo wa jirani asisikike. Sauti ni ya ajabu. Ningekuwa mtu mwingine ningempigia Malachie kura.

Nimefikiria kila kitu. Unajua watu wa kanisani: salamu ya kwanza wanaijibu kwa usingizi. Papa Jéthro alikuwa akiwaambia hakusikia, ndipo wanaamka. Basi na mimi nimeyaweka yote: "Bwana asifiwe," nafasi ya Amen, halafu "Sikusikia! Beni, mumelala?" Tena nafasi. Tena mzaha mdogo. Nilimwomba Agar awe kanisa, nipime urefu wa nafasi. Alikuwa anachagua maharage. Alisema "amen" bila kuinua macho. Kipimo safi.

Akaniambia polepole, "Malachie, sema wewe mwenyewe. Batu habakule mutu." Mwanamke mwema, mais hana maono.

Kambere, mpiga piano wetu, ndiye atakayebonyeza simu. Ameapa hatasema. Nimempa kava mpya ya simu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Tumefika Beni salama. Njiani, kwenye kizuizi, askari walitaka wote tushuke na mizigo yetu. Nilijua huu ni wakati wa kiongozi kusema neno. Kwa bahati mbaya kiatu changu kilikuwa kimeingia chini ya kiti, ikanibidi nikitafute. Nilipoinuka, Kyakimwa alikuwa ameisha kuzungumza nao, wanacheka, mti wa kizuizi umeinuliwa, tunapita. Chorale ikampigia makofi. Kwa jambo dogo vile!

Tumegawanywa katika familia za hapa. Mimi niko kwa Mama Vagheni, mjane, mwepesi wa kucheka. Amenipa fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Amenihadithia miaka ya vita, walipolala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Nikamuuliza walifanyaje na woga. Akasema hawakuufanya kitu. Waliamka nao, wakaenda shambani nao, wakarudi nao. Alisema hayo huku akiniongezea sombe.

Sombe nzuri sana! Nitamwambia Agar aweke mawese mengi namna ile.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Mungu wangu. Niandike taratibu.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Mchungaji Éliakim akaita Chorale Alfajiri kutoka Butembo. Nikapita mbele na mikro iliyozimwa. Nikamkonyeza Kambere. Akabonyeza.

"Bwana asifiwe!" Sauti yangu! Nzito, tamu, kutoka baffle zote mbili. Mdomo wangu ukacheza nayo vizuri kabisa.

Sasa, mimi nilipima nafasi kwa Agar na maharage yake. Beni si Agar. Walijibu "AMEN!" mabati yakatetemeka. Ngoma zikalia. Kina mama wakapiga vigelegele, vijana wakaruka. Na katikati ya kelele hiyo yote, sauti yangu ikasema: "Sikusikia! Beni, mumelala?"

Wakatazamana. Wakajibu tena, kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Sauti yangu ikawaambia kwamba sungura wangu wa Butembo wanajibu vizuri kuliko wao.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akavua miwani. Mchungaji Éliakim, mtu mpole, akafikiri mikro inanisumbua. Akaja, akaichukua mkononi mwangu, akaigonga kwa kidole. Haikutoa kitu. Na sauti yangu ikaendelea bila mikro, bila mdomo: "Mimi, kiongozi nisiyeogopa kitu..."

Kambere akaanguka juu ya simu. Ikazimika.

Macho yote juu yangu. Mchungaji akawasha mikro, akanirudishia. Magoti yaligongana mpaka watu wa mbele wakayasikia. Nilitafuta uongo, nikakosa hata mmoja. Nikasema, "Niko na woga. Niko na woga mingi sana. Nilileta sauti ndani ya simu juu mimi mwenyewe nilishindwa kuileta. Munisamehe. Butembo inawasalimia."

Mama Vagheni ndiye aliyecheka wa kwanza. Kile kicheko chake! Akasimama, akaniita kwa nguvu, "Hata siye tunaogopaka, mutoto wangu! Karibu!" Kanisa zima likasimama. Vigelegele, makofi, mzee wa miwani naye anafuta machozi ya kucheka. Tukaimba. Sijawahi kuimba bass namna ile.

Nimefurahi. Niandike bila mzaha: tangu nizaliwe sijafurahi hivi.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Tumerudi. Ndani ya gari ilikuwa Malachie hapa, Malachie kule. Hata Kyakimwa alisema ile ilikuwa salamu nzuri kupita zote alizosikia, na kwamba yeye asingethubutu kuwaambia watu namna ile kwamba anaogopa. Nimekubali sifa kwa unyenyekevu.

Mais nimekaa, nimefikiri kama mtaalamu. Ni nini kilichowapendeza? Sauti? Sauti ilikuwa kwenye simu, wakaichukia. Hekima? Sikusema hekima yoyote. Ni kutetemeka! Watu wanapenda mtu anayetetemeka! Hii siri Madame Marie-Jeanne hakuitaja hata kidogo.

Jioni, kwenye sala ya mtaa, nimejitolea kusoma matangazo ili nijaribu. Janga! Nimesoma yote, kutoka juu hadi chini. Nimeongeza na neno langu juu ya mfereji uliojaa takataka, na wanaume wakasema kesho wataufungua. Magoti hayakusogea. Ulimi laini. Woga umeondoka, na uchaguzi ni Alhamisi! Umeniacha wakati ninapouhitaji.

Agar amesema tumshukuru Mungu. Haelewi siasa.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Najizoeza kutetemeka. Nimeanza na magoti, mbele ya kioo. Yanaonekana kama ya mtu anayecheza rumba. Nikajaribu maji baridi. Asubuhi ya Butembo inajulikana: nimeoga nje, ndoo mbili, kwenye ukungu. Nikatetemeka vizuri sana! Nikarudia mchana ili nishike mtindo wake. Taya pia ni muhimu. Meno yakigongana, mtu wa nyuma naye anafaidika.

Agar amesimama mlangoni na taulo. Ameniuliza kama nimerogwa. Nimepiga chafya, nimechukua taulo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Tulichagua kwa desturi yetu: kila mgombea anasimama, watu wanajipanga nyuma yake. Nyuma yangu walikuja kina alto, ténor, bass. Nikageuka na kuona mstari unafika mlangoni! Nyuma ya Kyakimwa walibaki ndugu zake. Naye akawaangalia, akacheka, akawashika mikono, akaja kusimama nyuma yangu.

Rais! Mimi!

Wakaniomba neno la shukrani. Lingetosha neno moja. Nilikuwa mzima, sina woga wowote, maneno yamejaa mdomoni. Mais nikakumbuka siri yangu. Nikashika mikro na kuanza: kwanza magoti, halafu mikono, halafu taya. Meno yalilia ndani ya baffle. Nikaongeza na kupepesa macho. Kazi safi kabisa!

Nikangoja machozi yao. Nikasikia Kyakimwa anapiga kelele, "Hapana kumugusa!"

Nilisahau jambo moja. Hapa kwetu, tangu Ebola, mtu akitetemeka mbele ya watu hatumpigii makofi. Mistari yote mitatu ya viti ikabaki tupu. Watu wote walikuwa wameisha kufika ukutani, mashemasi kwa wazee. Eliane, alto wetu ambaye ni muuguzi, akanielekezea thermoflash, kile kipima-joto, kwenye paji la uso, mkono ameunyoosha kutoka mbali. Mwingine akaburuta ndoo ya maji ya klori. Nikawaambia ni woga tu! Eliane akasema wagonjwa wote wanaanza kwa kusema hivyo. Kiisha nikapiga chafya. Ile chafya ndiyo iliyonimaliza.

Nilipokuwa natolewa, niliona Kyakimwa ameshika mikro. Hakupiga tena kelele. Alipanga watu mstari wa kunawa mikono, akamtuliza mama mmoja aliyelia, akaanzisha wimbo. Wote wakatulia. Wakamwomba ashike kiti changu mpaka nipone.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Niko centre de santé, kwenye kituo cha afya. Chumba changu peke yangu, chakula kinapitia dirishani. Wamechukua damu. Jibu limekuja: hakuna kitu, ni mafua tu. Eliane ameniuliza ni wapi nilipigwa na baridi hivi. Nimekohoa ili nisijibu.

Mchana Kyakimwa amekuja kunisalimia, na Agar nyuma yake na termosi ya uji. Nilidhani anakuja kunicheka. Hapana. Amesema kiti ni changu, yeye hakitaki kwa njia hii. Jumapili nije, nisimame, niseme neno moja la kweli kama kule Beni, naye atanipa ufunguo wa sanduku la nguo za chorale mbele ya wote. Hakuna kingine. Ameniita "Président" bila mzaha. Ni mtu mwema, Kyakimwa. Nimemwambia aksanti, kwa moyo wote.

Neno moja tu. Ni rahisi! Nimelifikiria tangu aondoke.

Mais mtu akipona polepole namna hii, akaingia kwa miguu yake, akasema neno lake akaketi, nani atamkumbuka? Nimemwomba Agar atafute fimbo ya kutembelea. Jumapili nitaingia nikichechemea, taratibu, hadi mbele ya mimbari. Hapo nitaitupa.

Agar ameniuliza ni mguu gani unaouma. Swali zuri. Nimemwambia anipe muda, niujaribu kwanza huu wa kushoto.