Mfereji wa Kutuliza Wasiwasi

"Sisi wanawake wa laini hatuna ugonjwa wa wasiwasi, tuna mto ulio mbali." Hayo aliyasema Selpha Nakhumicha, anayekaa katika laini hizi za nyumba za wafanyakazi, Jumapili iliyopita mlangoni mwa kanisa, na mimi leo, hapa Thika, mwaka huu wa 1956, nimesimama kuyavunjavunja.

Bwana Meneja wa shamba hili la mkonge, ambaye hakuweza kuja, Bibi Meneja, ambaye hakutaka kuja, viti vyao, ambavyo vimefika mapema, Mchungaji Absalom, manyapara wa ngazi zote, wafanyakazi na wake zao: mimi, Erastus Mbaluka, Msaidizi wa Naibu wa Ofisa wa Ustawi, nawasalimu kwa niaba ya komiti ambayo mwenyekiti wake ni mimi. (Makofi ya nyapara Dalmas.)

Kwa mwaka mzima ofisi yangu imefanya uchunguzi wa kisayansi, wa kwanza katika mashamba yote kuanzia hapa hadi Ruiru, kupima jinsi shida za maisha zinavyoingia katika mioyo ya watu, na sistimu yetu ilikuwa rahisi na ya kisasa: kila mtu aliitwa, akasimamishwa mbele ya nyapara Dalmas na kiboko chake, akaulizwa kama ana wasiwasi. Asilimia mia moja walijibu, "Hapana, bwana." (Kicheko nyuma.) Asilimia mia moja! Hata Uingereza hawajafika hapo. Ndipo komiti ikapendekeza kwamba dawa ya wasiwasi ni kuongeza manyapara.

Lakini Selpha anang'ang'ania mto. Haya, tutumie akili. Philip Aketch wa mashine ya mkonge amekatwa vidole, mkewe yuko kwao Nyanza na hajamwona tangu mwaka juzi, na bado hucheka mpaka uji unamtoka puani. Mwenzake Mbula alifiwa na kuku mmoja tu, akalia wiki nzima. Kwa hiyo shida si shida. Shida ni vile mtu anavyoihisi, na hisia, mabibi na mabwana, hazichimbiwi mtaro wa maji.

(Sauti ya Aketch: "Nacheka kwa sababu nikilia unanikata posho, bwana!")

Asante, Aketch. Huo ndio ushahidi. Tena kule Ruiru, kwenye mashamba ya kahawa, wana mfereji wa bomba, na kila siku wanalalamika kuwa unatoa tope. Hapa hamna mfereji, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulalamikia tope la mferejini. Nani basi ana afadhali? (Mukonyo, aliyeteleza ukingoni mwa mto mwezi uliopita akiwa na debe kichwani, anainua mkono uliofungwa vijiti.) Naona mama mmoja amekwisha kunipigia kura!

(Selpha: "Kura gani? Mkono wake umevunjika, na mimba yake ni ya miezi saba! Akianguka tena tutazika wawili, wewe mwanamume!")

Tulia, mama. Swali lako litakwenda kwenye komiti, na komiti italijibu ikishapata maji ya kunywa. Pamoja na hayo, sisi tuna huruma, na ndiyo maana hapa, chini ya shuka ya kitanda changu mwenyewe, umesimama Mfereji wa Kutuliza Wasiwasi! (Shuka inavutwa. Mfereji unang'aa ukutani. Selpha anaufungua, na badala ya maji anatoka buibui.) Msimcheke. Huyo ni mpangaji wa kwanza wa maendeleo.

Shida ni hisia! Kiu ni mawazo! Mfereji juu! (Dalmas peke yake: "Juu!")

Namshukuru fundi aliyejenga ukuta. Nalishukuru duka la vyuma lililoniazima mfereji hadi jioni. Na zaidi ya wote nalishukuru bomba, ambalo halikumsumbua mtu hata mmoja, kwa kuwa halikuwahi kuagizwa.

Sasa, wanawake wa laini, na hasa wewe Selpha: Bwana DC, mkuu wetu wa wilaya, atafika saa tano na mpiga picha. Chukueni madebe, mshuke mtoni mbio, mrudi mjipange kimya nyuma ya ukuta, na mmimine maji katika tundu nililotoboa kutokea mferejini, mpaka Bwana DC amalize kunawa mikono na aondoke. Na mkirudi, asiniambie mtu kwamba mto uko mbali. Mukonyo, kwa kuwa sisi si wakatili, wewe utabeba nusu debe, kwa mkono uliobaki.